Mpira wa Mikono wa Wanawake na Nafasi ya Majeshi

Kila ifikapo mwezi wa Agosti, ofisi za mpakani pale Busia na Malaba hupata wageni wasiokuwa madereva wa malori wala wachuuzi wa nguo na dagaa. Wageni hao ni wanafunzi. Huwasili katika mabasi ya shule wakiwa na viatu vya michezo, matandiko yaliyofungwa kwa kamba, na mwalimu aliyeshika orodha ya majina. Mwaka 2024 michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki ilifanyika Bukedea, mashariki ya Uganda, na kwa hiyo wanafunzi wa Kenya wakavuka mpaka kuelekea huko. Mwaka 2025 michezo hiyo hiyo ilifanyika Kakamega, na safari hiyo ikawa zamu ya Uganda kuvuka kwenda upande wa pili. Miongoni mwa wanafunzi hao wamo wasichana wanaocheza mpira wa mikono. Mazungumzo ya leo yanawahusu wao. Yanawahusu vile vile askari, wa kike na wa kiume, wanaosikiliza matangazo haya wakiwa kambini, vituoni, au wakijiandaa kwenda lindo.

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kuutazama mchezo huu, yafaa uelezwe kwa maneno machache. Kiwanja chake kina urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Kila timu ina wachezaji saba uwanjani, mmoja wao akiwa mlinda mlango. Goli lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, na mbele yake umechorwa mstari wa mita 6, ambao ndani yake hakuna anayeruhusiwa kukanyaga isipokuwa mlinda mlango peke yake. Mwenye mpira hapigi zaidi ya hatua tatu, wala haushiki kwa zaidi ya sekunde tatu bila kuudundisha au kuutoa. Vipindi ni viwili, kila kimoja dakika 30. Ni mchezo wa mbio, wa kuruka na kutupa mpira golini kabla miguu haijarudi ardhini, na wa kujenga ukuta wa mabega mbele ya adui. Mwalimu yeyote wa makuruta akiutazama kwa nusu saa atatambua kwamba mengi anayoyatafuta kwa vijana wake yamo humo: pumzi, mkono wenye shabaha, na mtu kujua mwenzake yuko wapi bila ya kugeuza kichwa.

Katika ukanda wa mpakani mchezo huu hauhitaji kuhubiriwa. Upande wa Kenya, katika eneo la Bungoma lisilo mbali na Malaba, iko shule ya Moi Girls Kamusinga, ambayo jina lake hutajwa kila yanapozungumzwa mashindano ya mpira wa mikono ya wasichana katika Afrika Mashariki. Upande wa Uganda, walimu wa michezo huchora viwanja kwa majivu au chokaa juu ya udongo mwekundu, na wasichana hucheza peku pale viatu vinapokosekana. Wazazi wa watoto hawa ni watu wamoja. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, Wateso wako pande zote mbili, na mtoto wa Busia aweza kuwa na shangazi Uganda na bibi Kenya huku nyumba hizo mbili zikisikilizana majogoo. Ni hapa mpakani, kwa jinsi inavyosimuliwa, ambapo vijana wa baiskeli waliobeba abiria kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine waliliingiza duniani neno bodaboda. Kitu kidogo kilichozaliwa mpakani kimeenea hata katika miji ambayo haijui Busia iko wapi.

Lakini msichana wa mpira wa mikono hajaenea. Hucheza hadi Kidato cha Nne, au hadi Senior Six kwa upande wa Uganda, na hapo firimbi hulia kwa mara ya mwisho. Akiwa na bahati atakwenda chuo kikuu chenye timu. Asipokuwa na bahati, ambalo ndilo la kawaida, atauza nyanya na vitenge sokoni Sofia, ataolewa, au atapanda basi la usiku kwenda Nairobi au Kampala kutafuta kazi ya nyumbani. Mkono ule uliokuwa ukitupa mpira kwa namna ambayo mlinda mlango hakuiona, ukiwa na umri wa miaka 19, umekwisha kustaafu. Hiyo ni hasara. Mtu akitaka kuipima, na atazame hesabu ya timu za taifa katika mashindano ya kimataifa.

Mashindano ya Dunia ya wanawake yalichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957 katika Yugoslavia. Katika Michezo ya Olimpiki, wanawake waliruhusiwa kuucheza mchezo huu kuanzia Montreal mwaka 1976. Katika miaka yote hiyo hakuna timu ya taifa ya wanawake ya Uganda iliyofika kwenye fainali za Dunia wala kwenye Olimpiki. Kenya, ambayo ligi yake ya wanawake ina nguvu zaidi, nayo haijafika. Tanzania, Rwanda na Burundi hali ni ile ile. Katika nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni moja tu yenye jina katika vitabu vya Mashindano ya Dunia ya wanawake, nayo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022. Wanawake wa Kongo hiyo walishika nafasi ya pili barani Afrika mwaka 2014 mjini Algiers, walikwenda Serbia mwaka 2013, Denmark mwaka 2015 na Japani mwaka 2019, na mwaka 2024 mji wao wa Kinshasa ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika. Wala Kongo si nchi iliyostarehe.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri au kubwa. Historia ya bara hili haikubaliani nao. Mashindano ya Afrika ya wanawake yalianza mwaka 1974, na Tunisia ikayatwaa mara mbili za mwanzo. Kisha likazuka jambo ambalo wengi wamelisahau. Kongo ya Brazzaville, nchi ambayo wakati ule haikufikisha watu milioni mbili, ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1979, ikautwaa tena mwaka 1981, 1983 na 1985. Mara nne mfululizo. Mwaka 1980 wanawake hao walikwenda Moscow katika Olimpiki na kushika nafasi ya sita kati ya timu sita. Anayetaka kuwacheka kwa nafasi hiyo na akumbuke kwamba walicheza na mabingwa wa Ulaya Mashariki ambao mchezo huu kwao ulikuwa kama ugali, na kwamba hakuna timu nyingine ya Afrika ya wanawake iliyokuwapo hapo hata ya kushika nafasi ya saba. Idadi ya watu wa Kongo nzima wakati ule haikuwa kitu mbele ya idadi ya watu wa Uganda. Kwa hiyo sababu ya udogo haisimami.

Baada ya Kongo, Ivory Coast na Nigeria walipata zamu zao, na ikaja pia Angola. Taji la kwanza la Angola lilikuwa la mwaka 1989. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2012 hakuna nchi nyingine yoyote iliyotwaa ubingwa wa Afrika wa wanawake. Mwaka 2014 Tunisia iliwapokonya, na katika mashindano yaliyofuata Angola ikaurudisha. Na ubingwa wa Kinshasa wa mwaka 2024 umefanya mataji ya Angola kufika 16. Katika Olimpiki, Angola iliingia kwa mara ya kwanza mjini Atlanta mwaka 1996 na haijakosa hata mara moja hadi Paris mwaka 2024. Hizo ni Olimpiki nane mfululizo. Katika Mashindano ya Dunia ya mwaka 2007 nchini Ufaransa, Angola ilishika nafasi ya saba.

Kilele chao katika Olimpiki kilionekana mjini Rio de Janeiro mwaka 2016. Waliwafunga Rumania mabao 23 kwa 19. Waliwafunga Montenegro, waliokuwa wametwaa medali ya fedha mjini London miaka minne kabla. Mlinda mlango wao, Teresa Almeida, ambaye watu humwita Bá, mwanamke mwenye mwili mkubwa na wepesi usiotarajiwa katika mwili ule, aliwafanya hata Wabrazili waliojaa viwanjani wamshangilie kana kwamba alizaliwa kwao. Angola iliingia robo fainali na kutolewa na Urusi kwa mabao 31 kwa 27, na Urusi hiyo ndiyo iliyoondoka na medali ya dhahabu. Timu ya Afrika iliyoshindwa na bingwa wa Olimpiki kwa mabao manne haikwenda kutalii.

Sasa, msikilizaji aliye katika jeshi au polisi afaa kulisikiliza jambo lifuatalo kwa makini. Angola ilikuwa vitani. Vita vyake vya ndani vilianza mwaka 1975 na kumalizika mwaka 2002. Hii ina maana kwamba taji la mwaka 1989, na yale ya 1998 na 2000, na safari za Olimpiki za Atlanta na Sydney, zote zilikuja wakati nchi ile ikizika vijana wake. Barabara zilikuwa na mabomu ya kutega. Hakuna atakayesema kwamba nchi ile ilikuwa na muda wa kupoteza.

Siri yao si ngumu. Timu ya taifa ya Angola imejengwa juu ya klabu mbili kubwa za mji wa Luanda. Moja ni Petro Atlético, ambayo nyuma yake liko shirika la mafuta la serikali, na ni kweli kwamba mafuta ni jambo ambalo si kila nchi inalo. Lakini ya pili ni Primeiro de Agosto, yaani Agosti Mosi, na hiyo ni klabu ya jeshi. Jina lake linatokana na siku ya kuundwa kwa jeshi la ukombozi, Agosti 1, 1974, na klabu yenyewe iliundwa Agosti 1, 1977, nchi ikiwa na uhuru wa miaka isiyotimia miwili. Klabu hizo mbili zimegombea ubingwa wa Angola na kutawala kombe la klabu bingwa za Afrika kwa wanawake kwa muda mrefu. Msichana wa Luanda anapomaliza shule anajua kwamba kuna mlango mmoja wa mafuta na mmoja wa jeshi, na kwamba ndani ya kila mlango kuna kocha, kiwanja, mshahara na mpinzani wa kweli upande wa pili wa mji.

Utaratibu huo haukubuniwa na Angola. Dukla ya Prague, iliyokuwa bingwa wa Ulaya wa mpira wa mikono wa wanaume mwaka 1957, 1963 na 1984, ilikuwa timu ya jeshi la Chekoslovakia. Steaua ya Bucharest, bingwa wa mwaka 1968 na 1977, ilikuwa ya jeshi la Rumania. Kwa upande wa wanawake, medali za dhahabu za Umoja wa Kisovyeti za Montreal na Moscow zilitegemea kwa sehemu kubwa klabu moja tu, Spartak ya Kiev. Timu ya taifa haizaliwi wiki mbili kabla ya mashindano, pale wachezaji wanapokusanywa kutoka pande nne za nchi na kupewa jezi. Huzaliwa katika klabu, miaka kumi nyuma, na klabu yenyewe inahitaji mwenye nyumba asiyehama kila mwaka.

Katika nchi za Afrika Mashariki, wenye nyumba wa namna hiyo si wengi, na walio wengi kati yao huvaa sare. Uganda yenyewe ina ushahidi wa kutosha. Stephen Kiprotich aliyeshinda mbio za marathoni mjini London mwaka 2012 alikuwa mtumishi wa Magereza. Joshua Cheptegei, aliyetwaa dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021 na dhahabu ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, ni ofisa wa Polisi. Hakuna raia mwenye akili timamu aliyeuliza hadi leo kwa nini serikali iliwalipa mishahara watu wa kukimbia. Na kwa wanawake iko netiboli. Timu ya taifa ya netiboli ya Uganda ilikuwa ya saba duniani mjini Liverpool mwaka 2019 na ya tano mjini Cape Town mwaka 2023. Tano duniani, na hiyo ikiwa nchi ambayo ukumbi wa netiboli ni kitu adimu. Timu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Nyuma yake kulikuwa na ligi ambamo Magereza, Polisi, jeshi, shirika la bima la taifa na halmashauri ya jiji la Kampala waliwachukua wasichana kutoka shule na kuwapa kazi na kiwanja.

Mpira wa mikono wa wanawake haujapata ulinzi wa namna hiyo kwa kiwango kile kile. Kenya ina Nairobi Water, timu ya kampuni ya maji ya jiji, ambayo imekuwa ikiwashinda majirani kwa miaka mingi, na ina timu ya Ulinzi ya majeshi yake. Tanzania mchezo huu umetunzwa na watu wa sare: Ngome, Jeshi la Kujenga Taifa, Magereza. Rwanda ina APR ya jeshi na timu ya Polisi, ingawa sifa zao kubwa ni kwa upande wa wanaume. Kwa hiyo mbegu ipo katika kila kambi ya ukanda huu. Kinachokosekana ni mkono wa kuifikisha kwa wanawake, na hasa kwa msichana wa Tororo na Busia aliye mbali na Kampala.

Jambo moja lafaa litajwe bila kuzungukwa. Majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yana michezo yao ambayo hukutanisha nchi wanachama, na mpira wa mikono umo. Lakini kwa kawaida askari wa kike wamewekewa netiboli, na mpira wa mikono umekuwa wa wanaume. Haijulikani mpango huo ulitokana na fikra gani. Huenda aliyeupanga aliona kwamba mchezo wa kugongana mabega haumfai mwanamke. Kama ndivyo, mtu huyo hajamtazama askari wa kike akipanda ukuta wa mafunzo na bunduki mgongoni. Mwanamke anayekabidhiwa silaha na kupelekwa katika ulinzi wa amani ugenini hawezi kuwa dhaifu mno kwa mpira wa ngozi. Polisi nao wana michezo yao ya wakuu wa polisi wa Mashariki ya Afrika, iliyoanza Kampala mwaka 2017 na ambayo imekwisha kufika Dar es Salaam, Nairobi na Kigali. Hapo pia nafasi ya kupanua ratiba ipo, na wanaokaa katika vikao vya kuipanga ni maofisa wa vyeo vikubwa ambao neno lao moja hutosha.

Yapo malalamiko ya upande wa pili, na ni ya haki kuyasikiliza. Mkuu wa kituo cha polisi Busia ana askari wachache kuliko anaowahitaji. Njia za panya ni nyingi. Usiku mmoja sukari huingia, usiku wa pili kahawa hutoka, na usiku wa tatu ni mtu mwenye silaha. Akimruhusu askari wa kike kwenda mazoezini saa kumi jioni mara nne kwa wiki, yuko mwenzake atakayelazimika kusimama lindo mara mbili. Mwenzake huyo ananung'unika, na manung'uniko katika kituo kidogo yana sumu. Kuna na suala la cheo: mchezaji akipandishwa daraja kwa sababu ya mabao, yule aliyekamata wahalifu kwa miaka sita bila ya kupigiwa makofi atasemaje? Zaidi ya hayo, jeshi si ofisi ya kuandikia wachezaji kazi. Anayeingia ni lazima ajue kwamba siku ikifika atavua jezi na kuvaa kombati.

Malalamiko haya hayajibiwi kwa hotuba. Yanajibiwa kwa mpango. Mahali ambapo timu ya wanawake imeachwa iishi kwa mapenzi ya ofisa mmoja, siku ofisa huyo anapohamishwa timu hufa, mipira ikabaki stoo ikiliwa na panya, na mzigo wa zamu humwangukia yeyote aliye karibu. Mahali ambapo timu imewekwa katika taratibu za kikosi, ikiwa na idadi ya watu waliokubaliwa na makao makuu na saa za mazoezi zilizoandikwa, mkuu wa kituo hana haja ya kuiba mtu kutoka lindo. Mwanariadha wa Magereza aliyekuwa London mwaka 2012 hakutoroka kazini kwenda kukimbia. Alikuwa kazini. Cheo nacho kina dawa yake: medali ilipwe kwa fedha na nishani, na utumishi ulipwe kwa cheo, kila kimoja katika njia yake. Askari anayesimama lindo hamchukii mchezaji. Huchukia kutojua kama jasho lake limeandikwa popote.

Gharama yenyewe si ya kutisha. Kiwanja cha mpira wa mikono kinaingia katika pembe ya uwanja wa gwaride na nafasi ikabaki. Magoli ni mabomba ya chuma ambayo karakana yoyote ya kikosi yaweza kuyachomelea kwa siku moja. Mji wa Tororo una kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, na kambi ya Rubongi iko pale pale. Haiwezekani kwamba mji ulioisaidia Uganda kujenga nyumba zake ushindwe kusakafu mita 40 kwa 20.

Na wapinzani wako karibu kuliko wote. Kutoka Tororo hadi Malaba, na hata hadi Busia, ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka mipaka kwa vitambulisho vya taifa, na mwezi wa Februari 2018 marais wa Uganda na Kenya walifungua pamoja kituo kimoja cha huduma za mpakani pale Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Kichekesho ni kwamba mwanafunzi wa miaka 17 anavuka kwenda kucheza kwa urahisi kuliko askari. Timu ya askari inayotaka kwenda kucheza kilomita moja ng'ambo ya mpaka inahitaji kibali kutoka makao makuu ya nchi mbili. Tahadhari hiyo ina chanzo chake. Mwezi wa Desemba 1987 majeshi ya Uganda na Kenya yalipigana risasi pale Busia, watu wakafa na mpaka ukafungwa. Ilikuwa miezi minne tu baada ya vijana wa Afrika nzima, Uganda wakiwamo, kukusanyika Nairobi kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Wazee wa Busia wanazikumbuka siku zile, na maofisa vijana wa leo wamezisoma au kusimuliwa.

Lakini miaka mingi imepita tangu hapo, na majeshi hayo mawili leo yamo katika jumuiya moja na hufanya mazoezi ya pamoja. Kikosi cha wanawake kutoka Rubongi na kikosi cha polisi wa kike wa upande wa Kenya, wakikutana kila mwezi, mara moja huku na mara moja kule, wangejifunza kuhusu wenzao mambo mengi ambayo hayapatikani katika ripoti za upelelezi. Wasichana wa shule wa pande zote mbili wangekuwa na kitu cha kutazama siku ya Jumamosi. Wangewaona wanawake wenye miaka 25 na 28 na 30 wakirusha mpira, na wangeona kwamba mchezo haufi na sare ya shule.

Maofisa wanaoandikisha makuruta hufika katika wilaya za Tororo na Busia pale nafasi zinapotangazwa. Hupanga vijana kwa mistari, hutazama meno, hupima kimo, hukagua vyeti, na kuwakimbiza umbali uliowekwa. Katika mistari hiyo, kati ya wasichana waliokuja na barua za wenyeviti wa vijiji, hakosi mmoja au wawili ambao mwaka uliotangulia walivuka mpaka kwa basi la shule kwenda kuuchezea mkoa wao. Hakuna anayewauliza. Kuuliza kunahitaji safu moja zaidi katika daftari, baada ya jina, umri na cheti, nayo yaweza kuchorwa kwa rula na kalamu asubuhi ile ile kabla mstari haujaanza kusogea.